Mwaka wa Samaki wa Mvua

Nilipoambiwa kwamba Mhina amefariki, nilicheka. Nilikuwa nimesimama mbele ya tanuri, mikono imejaa unga, simu nimeibana begani, na sauti ya msichana nisiyemjua ikaniambia kwa adabu kwamba yeye ni binti wa Mwalimu Mhina, baba yao amewatoka na wameshamzika. Nikamwuliza hicho ni kifo cha ngapi. Nikamwagiza amwambie baba yake kwamba safari hii ajitahidi kufa kweli, maana sina nafasi ya kuteremka bure. Kwa miaka yote hiyo kila salamu iliyonifikia kutoka kwake ilikuwa mzaha, na si mara moja wachuuzi wa nyanya waliniletea habari ya kifo chake mwenyewe, pamoja na ombi la sanda ya maganda ya viazi. Yule binti akasema, "Mama, ni kweli." Nilikaa juu ya gunia la unga, na mikate ya siku ile ikatoka imeungua, na wateja wakaila hivyo hivyo.

Msomaji asiye wa huku kwetu anisamehe kicheko kile. Mimi ni Msambaa, Mhina alikuwa Mzigua, na hao ni watani tangu enzi za vita ambavyo hakuna anayekumbuka nani alimchokoza nani. Mtani wako anaweza kukuita mwizi sokoni, akachukua kofia yako akaondoka nayo, akakuita mumewe mbele ya mke wako, nawe huna ruhusa ya kununa. Atakayenuna ndiye mwenye kosa. Ni mila tamu, imewaepusha watu na magomvi mengi, ila ina kasoro moja ambayo sijasikia wazee wakiitaja: maneno ya mtani hayana uzito. Akikwambia anakuchukia, unajua hakuchukii. Akikwambia anakupenda, je? Mwaka ule mzima, nilipokuwa msichana nikipika katika nyumba ya wageni ya shangazi yangu, nilitaka kujua hilo tu.

Nyumba ile bado ipo na bado ninaishi humo, juu kidogo ya mji wa Lushoto, kando ya njia ya kupandia Magamba. Wakati ule ilikuwa na vyumba vichache vya wageni, chumba cha kulia chenye meza ndefu iliyotandikwa plastiki ya picha za zabibu, na jiko nililolipenda kuliko chumba changu cha kulala. Kati ya jiko na chumba cha kulia kulikuwa na ukuta mnene wa mawe wenye dirisha dogo la kupitishia sahani, na chini ya dirisha hilo, upande wangu, ndipo lilipojengwa tanuri la mikate. Kizingiti chake kilikuwa na uvuguvugu saa zote, na paka wa shangazi alishajimilikisha. Kwa dirisha hilo nilisikia kila kilichosemwa mezani, nani kahamishwa, nani kaongeza mke, kabichi za Malindi yetu ya huku milimani zimeozea njiani. Na kwa dirisha hilo nilimwona Mhina mara ya kwanza, mwalimu mpya wa shule ya msingi aliyekuja kupanga chumba cha uani, amevaa masweta mawili mwezi wa Januari, wakati sisi tunajiona tuko kwenye joto. Alimwamkia shangazi kwa heshima zote. Kisha aliposikia kwamba nyumba ni ya Wasambaa, akauliza kama kuna hata mmoja aliyeoga tangu mwaka uanze. Nikamjibu kwa dirishani kwamba tulisikia anakuja Mzigua, tukaona tuoge mara moja tu, akishaondoka. Meza nzima ilicheka. Yeye hakucheka, aliinama kuchungulia ni nani aliyejibu, na tukatazamana katikati ya mvuke wa maharage.

Mhina alikuwa mtu wa maji. Kwao ni tambarare, ng'ambo ya Korogwe kuelekea Handeni, nchi ya vumbi kwa sehemu ya mwaka na vidimbwi kwa sehemu nyingine, na alisema huku kwetu maji hayatulii, yanateremka mbio kama yana kesi huko chini Mombo. Alitaka kuona maji yaliyokaa. Akaenda kwa fundi vioo mjini, akakatiwa vipande, akaviunganisha kwa gundi uani kwetu huku nyumba nzima ikinuka duka la rangi, na likatoka tangi dogo, upana wake kama trei mbili za mikate. Chumba chake kilikuwa na baridi mno kwa samaki aliowataka. Basi alizunguka nyumba akigusa kuta kwa kiganja, shangazi akimfuata nyuma akidhani anatafuta nyufa, mpaka alipofika kwenye kizingiti cha dirisha langu akauacha mkono wake pale. Akaomba ruhusa. Shangazi akasema wa kuombwa ruhusa ni paka. Hivyo tangi likakaa dirishani, sahani zikaanza kupitishwa mlangoni, na mimi nikawa naona chumba cha kulia kupitia majini.

Kabla ya samaki yalikuja majani. Aliosha mchanga wa mtoni katika beseni langu la kukandia mpaka maji yakatoka safi, akapanda magugu aliyoyang'oa kwenye vijito vya bondeni, marefu nyuma na mafupi mbele, akayaacha yashike mizizi. Kwa wiki kadhaa tulikuwa na tangi la mboga na wageni walituuliza kama ni mchicha. Nilimwambia ni Mzigua peke yake anayeweza kufuga nyasi akaziita samaki. Yeye akasema nyumba hutengenezwa kwanza, wapangaji baadaye, na mpangaji huulizwa mambo matatu: maji yake, mdomo wake na tabia yake. Maji, kwa sababu wa baridi na wa joto hawalali kitanda kimoja. Mdomo, kwa sababu samaki hana urafiki wala uadui, chochote kinachoenea mdomoni mwake ni chakula. Tabia, kwa sababu wapo wenye maji mamoja na midomo midogo na bado hawawezi kuishi pamoja, mmoja ana haraka na mwenzake ana haya. Aliyasema hayo akiwa ameegemea ukuta wa tanuri, mgongo wake ukiota joto, nami nikikanda unga, na nilijiuliza kama bado tunaongea habari za samaki.

Tulikosea kama wanavyokosea wote. Wa kwanza walikuwa perege wachanga kutoka bwawa la mtu kule Soni, wazuri, wanyenyekevu, na haukupita muda wakawa wamefukua mchanga wote, wameng'oa majani, na mkubwa wao amewafukuza wenzake mpaka wamejibana pembeni. Shangazi alikuwa akimtazama huyo mkubwa kwa jicho nililolijua. Jumamosi moja Mhina alirudi akamkuta kwenye sahani yake, ameungwa kwa nyanya, akamla kwa huzuni na kusema ana ladha ya majani aliyomwibia. Wengine tuliwarudisha bwawani, tukaweka visamaki vya mtoni, vidogo na vyepesi. Hapo nami nikajifanya najua. Nilimleta kambare mchanga, mweusi, mwenye ndevu, ambaye alijificha chini ya jiwe asionekane, nikasema huyu ndiye mpangaji mwenye adabu. Asubuhi visamaki vilikuwa vimepungua. Asubuhi iliyofuata vilipungua zaidi, na kambare bado yuko chini ya jiwe, mpole, tumbo limetuna. Mhina alisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba sasa ameelewa jinsi Wasambaa wanavyochagua wachumba. Nikamjibu ndiyo, tunatazama tumbo kwanza, ndiyo maana Wazigua hawachaguliwi. Tulicheka mpaka shangazi akagonga ukuta. Kambare akaenda zake, na visamaki vilivyobaki tukavirudisha mtoni, kwa kuwa vilikuwa na haraka ya maji ya mlimani na visingemwachia samaki yeyote mtulivu atakayekuja hata punje ya chakula.

Masika ilipoanza na shule zikafungwa, akateremka kwao. Sikujua kama siku zinaweza kuwa ndefu namna ile katika jiko ninalolipenda. Mvua ilinyesha juu ya mabati, ukungu ukaingia hadi chumba cha kulia, nguo hazikauki, na tangini mlikuwa na majani matupu. Nikagundua kwamba nilikuwa nimezoea kumtazama kupitia majini wakati anakula, uso wake ukitikisika kidogo, mara mkubwa, mara mdogo, na sasa nilikuwa natazama kiti kikitikisika. Nilimtamani mtu yule. Sina neno jingine la kulitumia, na wakati ule sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa kuwa ukisema umemkumbuka mtani wako watu watakucheka, nao watakuwa na haki ya kucheka.

Alirudi na ndoo ya plastiki mapajani, ameishikilia kona zote za kupandia Soni, suruali imelowa hadi magotini. Ndani yake walikuwamo samaki ambao sikuwahi kuona mfano wao: dume mmoja, mfupi kuliko kidole changu, mwili wa buluu wenye madoa na mkia mwekundu kama khanga mpya, na majike watatu wa rangi ya maji ya matope. Shangazi alipowahesabu alisema huyo bwana bado ana nafasi ya mmoja kisheria. Mhina akaeleza kwamba madume wawili katika tangi dogo watachanana mapezi, lakini dume mmoja na majike kadhaa watakaa kwa amani, maana akimsumbua mmoja wengine wanapumzika majanini. Kwao wanawaita samaki wa mvua. Kidimbwi hukauka kabisa, ng'ombe wakapita juu yake, udongo ukapasuka, kisha mvua zikinyesha wamo tena. Nilimwuliza wanatoka wapi. Akasema, kwa uso mkavu, kwamba Mungu huwanyeshea Wasambaa ukungu na Wazigua huwanyeshea kitoweo. Shangazi akaitikia kwamba hata yeye alisikia hivyo, wanaanguka na mvua. Nikacheka, na swali langu likaishia hapo. Ndivyo tulivyokuwa sisi wawili: kila nilipouliza jambo nilipewa kichekesho, nacho kilikuwa kitamu kiasi cha kunisahaulisha kwamba sijajibiwa.

Katika kona ya tangi aliweka bakuli lenye udongo mweusi kutoka kwenye kidimbwi cha kwao. Mara nyingi nilipokuwa nasubiri mikate iive nilimwona dume akimwongoza jike mmoja hadi kwenye bakuli lile, wakalala ubavu kwa ubavu juu ya udongo, wakatetemeka kidogo, wakaachana. Nilidhani wanatamani kwao. Niliwahurumia sana, maana hata mwenye udongo niliona anatamani kwao, anavyofunga dirisha mapema na kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Nilipomwuliza Mhina wanafanya nini pale, alisema wanachimba kisima, Mzigua haamini maji ya watu. Julai ilipofika na ukungu ukawa hauinuki hata adhuhuri, nilianza kuongeza kuni tanurini hata siku zisizo za mikate. Shangazi alilalamikia kuni. Nilimwambia unga hauumuki. Dume la buluu liliogelea kipupwe kizima mbele ya majani mabichi, nje watu wanatoa moshi midomoni, na wageni kutoka Tanga walikuwa wakisogeza viti vyao karibu na ukuta ule bila kujua kwa nini.

Siku moja katika kipupwe hicho shangazi alikaa mezani na jirani yetu Bi Zuhura wakimenya njegere, nami nikiwa jikoni wasikoniona kwa sababu ya majani. Bi Zuhura alisema kijana wa joto akipandishwa baridi hanenepi, na msichana wa baridi akiteremshwa huko chini atamalizwa na malaria kabla hajaijua njia ya kisimani. Shangazi akamjibu kwamba hakuna aliyemtaka mtu, wale ni watani, wanachezeana tu. "Mzaha mzaha hutumbua usaha," Bi Zuhura akasema. Nilisubiri shangazi aseme neno jingine, lolote, hata la kunikataza, kwa kuwa kukatazwa kungekuwa na maana kwamba jambo lipo. Nilisikia njegere zikidondoka siniani mpaka zikaisha.

Baada ya hapo dume likaanza kuzeeka. Rangi ilififia, mgongo ukapinda kidogo, likawa linakaa chini ya jani moja siku nzima. Nilidhani maji yamechafuka. Mhina alisema hapana, samaki wa mvua hana mwaka wa pili, mambo yake yote huyafanya katika msimu mmoja, na kwa hiyo hana muda wa kupoteza. Alilisema hilo taratibu kuliko kawaida yake. Yeye alikuwa upande wa chumba cha kulia, mimi jikoni, na tangi katikati yetu. Nilimwambia, bila kucheka, kwamba siku akiondoka mimi nitaumia. Nilimwona kupitia majini, mdomo wake umefunguka kama mtu anayetaka kusema jambo ambalo hajawahi kulisema, na nikaingiwa na hofu. Nikaongeza haraka kwamba nitaumia mgongo, kwa kuyamwaga hayo maji yote peke yangu. Akacheka. Nami nikacheka, na vicheko vyetu vilipoisha alisema heri anywe chai kabla haijapoa.

Uhamisho wake ulikuja mwisho wa mwaka, anarudishwa tambarare, shule ya karibu na kwao. Kila mtu alimpongeza. Dume lilikuwa limekwisha kufa, majike wakafuata mmoja mmoja, na nilimwona akilitoa lile bakuli tangini, akaumwaga udongo juu ya gazeti, akauanika kwenye kizingiti chenye uvuguvugu kwa siku kadhaa, akiugusagusa kwa vidole kama mpishi anayepima unga. Akaupakia katika kopo la maziwa ya unga. Asubuhi ya kuondoka aliagana na shangazi kwa adabu, akaagana na Bi Zuhura, kisha akanijia pale barazani na kunipa lile kopo kwa mikono miwili.

"Zaina," akasema, "hii ni mahari. Ukiikubali, imwagie maji mvua zikianza."

Shangazi na Bi Zuhura walicheka hadi wakatafuta pa kukaa. Mzigua ametoa mahari ya matope, Mzigua ambaye nchi yake nzima ni matope. Mimi nilicheka kuwapita wote, nikauliza kama posa nayo inakuja na vumbi. Alitabasamu, akabeba begi lake, akateremka kwenda stendi. Mwaka mzima alikuwa ameniita Msambaa, asubuhi na jioni, mbele ya watu na tukiwa peke yetu. Katika kicheko kile sikusikia kwamba safari hii ameniita kwa jina langu.

Mvua zilipoanza sikuwa na la kufanya na udongo wa watu. Ulikuwa mweusi, mzuri, na barazani nilikuwa na maua ya msituni, yale madogo ya zambarau yanayoota kwenye miamba yenye kivuli, yamedhoofika kwenye chungu chake. Niliumwaga humo kopo zima. Yakastawi vizuri sana. Haukupita muda mchuuzi mmoja wa nyanya aliyekuwa akipita kwao akaniletea salamu, kwamba Mwalimu Mhina anauliza udongo wake umezaa nini. Nilimwambia amjibu kwamba umezaa maua, tena mazuri kuliko Mzigua yeyote. Nililipenda jibu lile. Nililirudia kwa shangazi, nikalirudia kwa Bi Zuhura, nikalirudia peke yangu jikoni, nikasubiri yeye arudishe lake. Salamu iliyofuata ilisema Mhina ameoa.

Nami niliolewa baadaye, na mume wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Tangi lilivuja, likaondolewa, sahani zikarudi kupita dirishani. Shangazi alifariki akaniachia nyumba na tanuri. Salamu za mizaha ziliendelea kupanda na kushuka, na kila moja iliponifikia nilikuwa mchangamfu kwa siku nzima, kisha jioni nikawa mtu wa hovyo, sisemezeki. Hivyo ndivyo nilivyoishi na jambo lile, na sikulipa jina.

Siku ya kuanua tanga niliteremka. Mtani hana ruhusa ya kwenda msibani na machozi matupu, ana kazi yake, ni lazima afike na vurugu ili waliofiwa wapate kupumua. Nilipolikaribia turubai la msiba nikatupa mkoba wangu katikati ya watu, nikauliza kwa sauti ni nani aliyemruhusu mume wangu kufa kabla hajanilipa. Wanaume wakaanza kucheka. Nikasema nilimpikia mwaka mzima, nikamwashia moto kipupwe kizima, nikampenda kuliko hawa wote waliokaa hapa, na yeye akaniacha mlimani na nyasi kwenye tangi. Wakazidi kucheka. Yalikuwa maneno ya kweli yote, nilikuwa nimeyabeba toka ujana wangu, na nilipoyatua hatimaye mbele ya umati, watu walipiga makofi. Mjane wake, Bi Mwanaisha, alikuwa ndani na wanawake, amejifunika, na nilipoingia aliinua uso, machozi na kicheko pamoja.

"Karibu, mke mkubwa," akasema. "Huyu ndiye wa Lushoto, yule wa samaki."

Wanawake walinijua wote. Bi Mwanaisha alisimulia huku akijifuta kwa upande wa khanga kwamba mumewe hakuacha hata masika moja kupita. Mvua zikianza alikuwa akimwaga maji kwenye udongo wake na kusema kwamba mke wake mkubwa yuko mlimani, alimpelekea mahari ya ukweli, akaipandia maua. Watoto wamekua wakiisikia hadithi hiyo, wajukuu nao wanaijua. Walicheka, nami nikacheka, kisha nikauliza ni udongo gani huo. Yule binti aliyenipigia simu akanishika mkono akanipeleka baraza ya nyuma. Palikuwa na tangi la kioo, dogo, upana wa trei mbili, lina majani marefu nyuma na mafupi mbele, na dume wa buluu mwenye mkia mwekundu. Rafuni juu yake palipangwa makopo ya maziwa. Binti akafungua moja akanionyesha udongo mweusi mkavu, akanieleza kwa upole wa kuwaelezea wageni, kwamba hawa wakijua kidimbwi kitakauka hutaga mayai udongoni, wao hufa na mayai hubaki, yanangoja, na ukiyamwagia maji yanaanguliwa. Yanaweza kungoja muda mrefu, alisema, lakini udongo usichanganywe na kitu kingine.

Nilishika ukingo wa tangi. Niliwaona wale wawili wa zamani, ubavu kwa ubavu juu ya bakuli, wakitetemeka. Mchuuzi wa nyanya nilimwona pia, akiteremka na jibu langu, amelihifadhi neno kwa neno. Mahari ilikuwa hai. Nilikuwa nimeletewa mahari iliyo hai, na nikaulizwa kwa ustaarabu kama nimeikubali, na nikasema imezaa maua.

Mtani akija msibani huchukua kitu cha marehemu na wenye msiba hukikomboa kwa kuku au kwa chochote, vicheko vikaendelea. Nilirudi ndani nimelikumbatia lile kopo. Shemeji mmoja wa Bi Mwanaisha akaja mbio kufanya kazi yake, akaniambia niliache, watanipa jogoo. Nikasema sitaki jogoo. Akaniongezea mbuzi, watu wakashangilia. Nikatikisa kichwa, na nilikuwa sicheki tena, na sijui uso wangu ulikuwaje. Bi Mwanaisha alinitazama kwa muda. Kicheko kilimtoka usoni taratibu, akaiweka khanga yake sawa.

"Mwacheni," akamwambia shemeji yake. "Hicho hakikombolewi. Ni chake."

Nilipanda mlima na kopo mapajani, nimelishikilia kona zote. Asubuhi nilitoa trei kwenye kizingiti cha dirisha, nikaweka beseni langu la kioo, nikamimina udongo, kisha maji niliyoyaacha yapoteze ubaridi karibu na tanuri. Yalichafuka, yakawa meusi, nikatia kuni na kukanda unga wa siku ile. Alasiri matope yalikuwa yametulia chini, na juu yake, nilipoinama, vilikuwa vinakwenda vitu vyembamba kama kope, viwili, kisha vingi, kila kimoja na macho yake. Upande wa pili wa dirisha chumba cha kulia kilikuwa kitupu. Nilifuta mikono yangu kwenye aproni.

"Mhina," nikasema, "mahari nimeipokea."

Hakuna aliyecheka.